Fisi Aliyepakwa Wino

Mtaani walimwita Kwaru, kwa sababu ya mlio uliotoka dirishani mwake kutwa nzima: kwaru, kwaru, kwaru, kama kuku anayepekua majani makavu. Mgeni akipita angesimama na kutega sikio, akidhani kuna panya anatafuna mlango. Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa amechoka kueleza. "Si panya huyo," alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye mashine. "Ni mwanamke mzima, anakwangua wanyama."

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwaru alichora wanyama, ila hakuchora kama wengine, kwa kuongeza rangi. Yeye aliondoa. Alikuwa akinunua mbao nyembamba zilizopakwa udongo mweupe laini, na juu ya udongo huo wino mweusi tii, kiasi kwamba ukiutazama ubao mpya huoni kitu ila uso wako mwenyewe unakuangalia. Kisha, kwa kisu chenye ncha kama ya sindano, alikwangua ule weusi, unywele mmoja baada ya mwingine, mpaka weupe wa chini ukajitokeza, na humo gizani akatoka mbwa, au bundi, au beberu mwenye ndevu ambaye ungeapa unasikia harufu yake. Kosa dogo aliliziba kwa tone la wino. Kosa kubwa lilitupwa pamoja na ubao wake.

Wateja wake wengi walikuwa watu waliofiwa na mbwa. Walikuja na picha kwenye simu, wakakaa kwenye kiti cha plastiki, wakaeleza jinsi sikio la kushoto lilivyokuwa likilala. Wengine aliletewa na daktari wa mifugo wa barabara ya pili, mtu mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, ambaye alikuwa ametundika picha za Kwaru kwenye chumba chake cha kusubiria.

Kipaji alikuwa nacho, hilo hakuna aliyebisha. Alichokosa ni mpangilio. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, na wakati huo mtu akiingia ilimbidi ainue miguu kama anayevuka mtaro. Visu vilikuwa ndani ya vikombe, vikombe vilikuwa juu ya mbao, mbao zilikuwa chini ya magazeti. Mara mbili alikalia wembe. Aliwahi kumaliza bundi mzuri kuliko wote aliowahi kuwachora, akaweka bilauri ya chai juu yake, na ilipoinuliwa bundi alikuwa na duara jeupe kwenye paji la uso, kama amevaa taji. Hakuvunjika moyo sana. Alicheka, akanywa ile chai, akaanza upya.

Baba yake hakucheka.

Huyu mzee alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha mabomba tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mke wake alipofariki, watoto walikuwa wawili tu: Kwaru, na kaka yake aliyekuwa akiishi mji wa mbali na mkewe na watoto wake. Mzee alichagua kukaa na binti. Alimpenda kupita kiasi, na kwa kuwa binti huyo alibeba jina la mama mzazi wa mzee, hakuwahi kumwita vingine ila "mama". Mama njoo ule. Mama funga mlango. Mama, umeniwekea wapi miwani?

Alipoingia chumba cha kazi kwa mara ya kwanza, alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mama," alisema, "hapa pamepita tetemeko?"

"Baba, mimi najua kila kitu kilipo."

"Kisu chako kidogo kiko wapi?"

Kwaru alipapasa huku, akapapasa kule, akainua gazeti, akainama chini ya meza. Mzee alingoja. Mwishowe alinyoosha kidole. Kisu kilikuwa kichwani kwake, kimechomekwa kwenye nywele.

"Kitu hakipotei," mzee alisema. "Kitu hupotezwa. Kaa pembeni."

Siku hiyo alianza kazi yake ya pili maishani. Alipiga rafu ukutani. Alitundika ubao wa visu na kulabu zake, na nyuma ya kila kisu akachora kivuli chake kwa rangi nyeupe, ili kisu kikitoka pabaki alama, na ukitazama tu ujue nani hayupo. Nyembe mpya alizitia kwenye kopo la majani ya chai, butu kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko kigumu. Mbao alizisimamisha kama vitabu, zimetenganishwa na karatasi laini, uso kwa mgongo. Brashi ya manyoya ya kupangusia vumbi ilipata msumari wake kando ya taa. Glavu ya pamba, ambayo Kwaru alipaswa kuivaa ili mafuta ya vidole yasiache doa kwenye wino, aliifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitoroka zaidi. Chai alipiga marufuku kabisa. Ukitaka kunywa, unatoka nje, unakunywa, unapangusa mdomo, unarudi.

"Baba, hii ni studio au kambi ya jeshi?"

"Hii ni stoo. Na stoo ina mwenyewe."

Akawa mwenyewe. Kila asubuhi aliingia amechomekea shati, kalamu mfukoni, anakaa kwenye stuli karibu na mlango. Kwaru alikuwa akinyoosha mkono bila kugeuka. "Namba ndogo." Mzee anampa. "Sindano." Anampa. "Brashi." Anampa, na kusema, "Usipulize kwa mdomo, mama, mate yanatia doa," jambo ambalo Kwaru mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Walikaa hivyo miaka, baba na binti, wanasikiliza redio kwa sauti ya chini na kubishana kuhusu mwanasoka gani ni mzembe. Kazi ilikwenda mbio. Kwaru hakuharibu tena ubao. Fundi cherehani alisema kwamba kicheko cha mzee kikitoka dirishani humo ndani, hata sindano yake inaruka mshono.

Basi likaja suala la fisi.

Jumba la maonyesho la mjini lilikuwa likitafuta kazi za wasanii wasiojulikana. Daktari wa mifugo ndiye aliyewapelekea picha za Kwaru bila kumwambia, na jibu lilipokuja alimletea mwenyewe, anahema kama aliyekimbizwa. Wamekubali. Wanataka kazi moja, kubwa, mpya. Achague mnyama anayemtaka.

"Simba," alisema daktari.

"Chui," alisema fundi cherehani, aliyekuwa amekuja kusikiliza. "Watu wanapenda madoa."

"Fisi," alisema Kwaru.

Daktari na fundi walitazamana.

"Mama," mzee alisema taratibu, "fisi nani atamtundika sebuleni? Labda muuza nyama, awe anamtishia muuza nyama mwenzake."

Lakini Kwaru alikuwa amewahi kumwona fisi jike karibu, kwenye mabanda ya wanyama waliojeruhiwa, na hakumsahau. Alikuwa amelala, kidevu juu ya miguu ya mbele, manyoya ya shingoni yamesimama huku na huku kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na macho yake hayakuwa ya ujanja wala uchoyo. Yalikuwa macho ya mtu aliyesemwa vibaya kwa muda mrefu akaamua kunyamaza. "Manyoya yale," Kwaru alisema, "hakuna hata moja linalolala kama jirani yake. Nikiweza kumkwangua yule, nimeweza wote."

Alinunua ubao mkubwa kuliko wote aliowahi kuugusa. Akaanza na macho, kama alivyoanza siku zote, kwa sababu aliamini mnyama asipokuona hana haja ya kuja.

Miezi ile ya fisi ndiyo iliyokuwa na dalili, lakini Kwaru hakuziona. Na kulikuwa na sababu. Kisu kilipokosekana kwenye kulabu yake, nani angeshukiwa? Yeye aliyewahi kukichomeka kwenye nywele. Kopo la nyembe lilipoonekana kwenye jokofu, kando ya nyanya, mzee alimtazama binti yake kwa masikitiko. "Mama, umeanza tena." Naye Kwaru akajikuna kichwa, akacheka, akaomba radhi. Brashi ilipopatikana bafuni, aliomba radhi. Mbao zilipokutwa zimelala juu chini bila karatasi, uso kwa uso, mbili zikiwa zimechubuana, aliomba radhi na hata akajisema moyoni kwamba ameelemewa na kazi. Ukiwa na sifa ya uzembe, hata wa jirani unakuwa wako. Uzembe wake wa zamani ulikuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo akili ya baba yake ilikuwa ikiondoka kidogo kidogo, na hakuna aliyeiona ikitoka.

Aliyemfungua macho ni fundi viatu wa njia panda. Siku moja asubuhi alikuja amemshika mzee mkono. Mzee alikuwa amechomekea shati vizuri, kalamu mfukoni, na miguuni alikuwa na kiatu kimoja na kandambili moja.

"Nimemkuta amesimama pale," fundi viatu alisema, akiona haya kwa niaba ya mwenzake. "Ananiuliza njia ya kiwanda cha mabomba. Nikamwambia mzee wangu, kile kiwanda kilishavunjwa. Akaniambia mimi ni mwongo, kwa sababu yeye ndiye mwenye funguo."

Kwaru alimtazama baba yake. Mzee alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

Hospitalini, daktari alimwuliza mzee maswali mepesi, ya siku na mwezi na mjukuu, na kila swali mzee alijibu kwa mzaha, mizaha mizuri kweli, hata muuguzi akacheka. Daktari hakucheka. Alimtoa Kwaru nje, akamweleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau, unaokula ubongo polepole, na kwamba mzaha ndiyo fimbo wanayoegemea wengi wao wasionekane wanachechemea. Dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Kuna dawa ya kumtuliza.

Kaka yake alipopigiwa simu hakumwachia Kwaru amalize.

"Mlete kwangu," alisema. "Hapa kuna shemeji yako, kuna watoto, kuna watu. Wewe uko peke yako na visu."

"Ana kazi yake hapa, kaka. Ukimtoa hapa utakuwa umemtoa roho."

"Kazi gani? Dada, baba ni mgonjwa."

"Yeye hajui hivyo," Kwaru alisema, na akakata simu.

Akajipanga upya. Nyembe na visu alivifungia kwenye droo, akabaki na kimoja tu anachokifanyia kazi. Mzee aliachiwa brashi ya manyoya na kazi ya kupangusa mbao tupu, na mzee alizipangusa kwa makini, akimaliza ya mwisho anaanza ya kwanza. Kulikuwa na siku mbaya, alipodai kwamba kuna watu wanaiba mabomba. Kulikuwa na siku nzuri, alipokaa kwenye stuli na kumtazama fisi akitoka gizani, na kusema mambo ambayo Kwaru aliyaweka moyoni. "Anahema huyu," alisema siku moja. "Mama, mpunguzie kazi, anahema."

Fisi alikaribia kwisha. Kilichobaki kilikuwa majani aliyolalia na ncha ya mkia. Manyoya ya shingo yalikuwa yamesimama kila moja kwa namna yake, na daktari wa mifugo alipokuja kumwona alirudi nyuma hatua, kisha akamsogelea tena, akaweka mikono yake mikubwa mifukoni kana kwamba anaogopa itamgusa yenyewe. Jumba la maonyesho lilikuwa limeshabandika matangazo. Kwaru alimwagiza seremala fremu ya mti mweusi.

Seremala alituma ujumbe kwamba fremu iko tayari, ila aje aione kabla hajaipiga msasa wa mwisho. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti chake sebuleni, mdomo wazi, mikono tumboni. Kwaru alimwomba fundi cherehani awe anachungulia, akatoka haraka. Kwa seremala hakukaa. Alitazama pembe za fremu, akapitisha kidole, akasema sawa.

Aliporudi, kiti cha sebuleni kilikuwa kitupu na harufu ya wino ilikuwa imefika mpaka ukumbini.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono ya shati imekunjwa. Alikuwa ameipata chupa kubwa ya wino, ile ya akiba, na brashi pana ya kupakia. Alikuwa akimalizia pembe ya chini. Alikuwa akipaka vizuri, kwa mistari iliyonyooka, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayejua kazi. Ubao wote ulikuwa mweusi, unang'aa. Mzee aligeuka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Kwaru hakuwa ameiona tangu ugonjwa uanze.

"Mama, nimekuokoa," alisema. "Hii bodi ilikuwa imechubuka vibaya. Imechunwa yote! Sijui nani aliichuna. Nimeipaka, sasa ni mpya. Tazama."

Kwaru alipiga ukelele. Waliousikia wanasema haukuwa na neno ndani yake. Alimpokonya baba yake ile brashi, akaitupa ukutani, na maneno yakaja baadaye, mengi, ya miezi yote ile, ya kisu kwenye nywele na kopo kwenye jokofu na kila radhi aliyoomba bila kosa. "Umeniua! Umefanya nini? Hujui hata umefanya nini! Umeniua, baba, umeniua!" Alinyakua kitambaa, akakilowesha, akajaribu kupangusa. Wino ulikuja, na udongo ukaja nao, ukavimba na kuwa uji wa kijivu, na kwenye uji huo jicho moja la fisi lilionekana kwa kitambo kisha likafumbwa na mkono wake mwenyewe.

Aligeuka, mkono uko juu. Labda alitaka kukitupa kile kitambaa cha wino. Labda. Hata yeye hakujua.

Baba yake alikuwa amechuchumaa pembeni, kati ya stuli na ukuta, amejikunja, mikono yote miwili juu ya kichwa chake chenye mvi.

"Mama, usinipige," alisema, kwa sauti nyembamba. "Mama, nisamehe. Sitarudia. Nilitaka kukusaidia tu."

Na Kwaru alielewa. Neno lilikuwa lilelile, lile alilomwita maisha yake yote, lakini aliyeitwa hakuwa yeye. Alikuwa bibi yake, marehemu ambaye hakuwahi kumwona. Binti hakuwemo tena chumbani humo. Baba hakuwemo. Alikuwapo mtoto mdogo aliyekosea akijaribu kusaidia, na mama yake amesimama juu yake na mkono umeinuliwa.

Fundi cherehani alikuwa ameshafika mlangoni, futi ya kupimia shingoni, analia tayari na kusema nilikwenda kumpa mteja nguo yake, mara moja tu, wallahi mara moja tu. Kwaru alimpungia mkono aondoke. Akaketi sakafuni, kwenye matone ya wino.

"Sikupigi," alisema.

Mzee hakushusha mikono.

"Sikupigi, mwanangu. Njoo. Hebu nione. Umepaka mwenyewe?"

Mkono mmoja ulishuka kidogo. Jicho likachungulia. "Mwenyewe."

"Umepaka vizuri sana."

"Kweli?"

"Kweli. Hakuna mahali umeruka."

Mzee alimtazama kwa muda, akimpima kama anasema kweli. Kisha akauliza kwa kunong'ona, "Baba akirudi utamwambia?"

"Sitamwambia," Kwaru alisema. "Hii ni siri yetu sisi wawili."

Akamshika mkono, akamwinua, akampeleka bombani, akamwosha wino vidoleni, kidole kimoja kimoja, kwa sabuni, na mzee alisimama akitazama maji meusi yakienda.

Jumba la maonyesho lilipopigiwa simu, mama wa mapokezi alisikitika kwa sauti ya kazini, akasema nafasi yake atapewa mwingine, na kwamba ajaribu mwaka ujao. Daktari wa mifugo alikuja, akautazama ubao, akavua kofia kama aliyefika msibani. Alisema maneno ya kutia moyo: mkono uliomtoa fisi wa kwanza bado upo, utamtoa wa pili. Kwaru alimshukuru. Hakumwambia kwamba alijaribu, na kwamba kila alipoanza macho, yaliyomtazama yalikuwa ya mzee, chini ya ile mikono iliyojikunja. Ubao ulioharibika aliuvunja vipande, akautoa na taka. Seremala alikubali kurudishiwa fremu.

Sasa chumba cha kazi ilibidi kifungwe kwa kufuli. Hili ndilo lililomuumiza Kwaru kuliko hata fisi. Maana kila asubuhi mzee aliamka, akachomekea shati, akatia kalamu mfukoni, akaenda kusimama mbele ya ule mlango. Alijaribu kitasa. Akagonga kwa adabu. Akangoja.

"Mbona wamefunga?" aliuliza. "Nimechelewa?"

Mara ya kwanza Kwaru alificha ufunguo kiganjani. Halafu likamtoka tu. "Leo ni sikukuu. Hakuna kazi."

Uso wa mzee ukafunguka. "Oho! Hawakutuambia!" Akatoa kalamu mfukoni, akalegeza shati, akaenda kukaa juani kwa raha zote kama mtu aliyezawadiwa siku.

Na ikawa kila siku ni sikukuu. Mzee alistarehe kila siku. Kwaru alikuwa akisubiri alale mchana ndipo afungue kufuli na kukwangua kidogo mbwa wa watu, mlango wazi, sikio moja nje. Mlio wenyewe ulibadilika, fundi cherehani alisema. Ulikuwa wa kwaru moja, kisha kimya. Alikonda. Alianza kuweka chumvi kwenye chai. Siku moja mzee alitoka bafuni bila nguo, akapita mbele yake, akafungua mlango wa barabarani, naye Kwaru alimwona na hakuinuka. Hakuwa amekataa. Miguu ndiyo iliyokataa. Fundi cherehani alimrudisha mzee amemfunga kitenge cha mteja, na jioni hiyohiyo akampigia simu kaka mtu, bila kumwomba ruhusa yeyote.

Kaka alikuja na gari la rafiki yake. Alikuwa amejiandaa kubishana, unaona kabisa alikuja na hoja zake zimepangwa, lakini alipomwona dada yake mlangoni alizisahau zote. Alimkumbatia.

"Umebeba vya kutosha," alisema. "Nipe na mimi upande wangu."

Kwaru alifungasha nguo za mzee. Alizikunja alivyofundishwa, mashati na mashati, suruali na suruali. Mzee alikaa kiti cha nyuma cha gari, amefungwa mkanda, anatazama mtaa kwa hamu kama anayeanza safari ya kikazi. Kwaru aliingiza kichwa dirishani ili amuage, na mzee akamtazama kwa upole.

"Bibie," alisema, "samahani. Binti yangu hajaja kuniaga?"

Kaka yake, aliyekuwa ameshika usukani, aliinamisha kichwa.

"Yuko kazini, mzee," Kwaru alisema.

"Ah, basi mwacheni. Msimsumbue." Akamsogelea kidogo, kama anayempa umbea. "Ana mkono wa ajabu yule mtoto. Ila kupanga vitu, hajui kabisa. Naomba mmtupie jicho."

"Tutamtupia jicho."

"Ahsante, bibie. Mungu akuweke."

Gari likaondoka. Kwaru alibaki kando ya barabara na kofia ya baba yake, iliyosahaulika, mkononi.

Mzee hakukaa sana. Kichomi kilimshika msimu wa baridi, na mwili uliokuwa umechoka kukumbuka hata kumeza haukushindana nacho. Kwaru alifika akiwa bado anapumua, akamshika mkono, lakini hakuitwa bibie, wala mama, wala chochote. Wakamzika kando ya mkewe.

Baada ya matanga kaka yake aliamua kumrudisha dada yake mwenyewe, na alipomfikisha hakutaka kuondoka. Alikuwa mtu wa ofisi, mzito, asiyejua aweke wapi mikono yake. Alizungukazunguka nyumba, akatengeneza bawaba ya dirisha, akaiharibu, akatengeneza tena. Mwishowe akaomba aone chumba cha kazi. Hakuwahi kuingia humo tangu baba ahamie.

Kwaru alifungua kufuli. Kaka alisimama katikati, akatazama rafu, akatazama ukuta, asiguse kitu.

"Alikuwa anafanya nini humu? Nieleze. Mimi kwangu alikuwa anakaa tu kwenye kochi. Alikuwa ananiita dereva."

Kwaru akamweleza. Alieleza glavu iliyofungwa kama mbuzi, marufuku ya chai, mabishano ya mpira. Kaka alisikiliza kama mtoto anayesikiliza habari za safari ambayo yeye aliachwa nyumbani. Alipomaliza, kaka alisema, "Nifundishe kidogo."

"Wewe?"

"Kidogo tu. Nijaribu."

Akampa kipande cha ubao na kisu, akamwonyesha jinsi ya kushika, asikandamize. Kaka alitoa ulimi nje, akakwangua, jasho likamtoka. Alisema anachora paka. Baada ya muda mrefu alimsogezea dada yake ile kazi, akangoja hukumu.

Kwaru aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kaka, paka wako ni birika."

"Birika vipi? Huo ni mkia!"

"Ndiyo, ni mkono wa birika. Na hili sikio ndipo chai inapotokea."

Alicheka kaka yake, akacheka mpaka akashika meza, naye Kwaru akacheka pia, kicheko kilichokuwa kimekaa ndani muda mrefu kikafunguka kwa shida kama mlango uliovimba. Halafu akaona mabega ya kaka yake yanaendelea kutikisika ilhali kicheko kimekwisha. Alimwekea mkono mgongoni. Kaka alilia kwa sauti, usoni amejifunika viganja, na vumbi jeusi la ubao likampaka mashavu yote. Kwaru hakumwambia anyamaze. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, wakalia pamoja mpaka kila mmoja alipomaliza kwa wakati wake.

Kaka alipiga simu kazini akasema hatarudi wiki hiyo. Asubuhi iliyofuata aliamka mapema, akauliza kama kuna kipande kingine cha ubao, kwa sababu safari hii anataka kujaribu kuku.